Jinsi ya Kuwa na Maoni Kuhusu Kitabu Ambacho Hujakimaliza

Gari la kutoka Kitale kwenda Bungoma haling'oi nanga mpaka lijae, na likishajaa abiria hawanyamazi. Kufikia Kiminini mtakuwa mmemaliza bei ya mahindi. Kufikia Kamukuywa mtakuwa katikati ya siasa. Na kabla hamjaingia Webuye atajitokeza mmoja, aghalabu mwalimu aliyestaafu mwenye koti na kalamu mbili mfukoni, aulize kwa sauti ya darasani: "Siku hizi mnasoma nini?"

Hapo ndipo wewe, ambaye kitabu chako kimelala chini ya mto tangu Krismasi, hugeuka dirishani ukayakagua mashamba ya watu wa Misikhu utadhani umetumwa na wizara.

Usigeuke tena. Mwongozo huu ni wako. Mimi na wewe tukubaliane mapema kuhusu mambo mawili. La kwanza, unapenda watu wakuone kuwa ni mtu anayesoma vitabu na kutazama filamu za maana. La pili, huna wakati. Yote mawili ni ya kibinadamu na sitakukemea kwa lolote. Nitakufundisha namna ya kuingia kwenye mazungumzo ukiwa na kurasa chache na kutoka ukiwa na heshima nyingi.

Nina sharti moja tu: njia zangu za mkato hupitia ndani ya kitabu. Anayezunguka nje ya kitabu hukamatwa, na hukamatwa mbele ya watu.

1. Chagua kitabu cha nyumbani

Wanaojifanya wasomaji hupenda kukimbilia mbali. Mtu anataja mwandishi wa Urusi ambaye hata jina lake linamshinda kutamka, swali la pili likija hana pa kushika. Wewe anzia hapa hapa.

Ken Walibora alizaliwa Bungoma mwaka 1965, akakulia upande wa Trans Nzoia, na alipofariki Aprili 2020 alizikwa Cherang'any. Ukiwa Bungoma ni wako, na ukiwa Kitale bado ni wako. Hakuna atakayekuuliza una haki gani ya kumzungumzia.

Tena riwaya zake zinamfaa mtu mwenye haraka. *Siku Njema*, iliyotoka 1996, inamfuata Kongowea Mswahili, kijana wa Tanga, mwana wa mwimbaji wa taarabu, ambaye anavuka mpaka na kuingia Kenya kumtafuta baba yake. Mtoto anamtafuta baba: unahitaji nini zaidi ili uwe na la kusema? Wewe una baba, au ulikuwa naye, au ulimkosa. Nusu ya maoni yako umekuja nayo kutoka nyumbani.

*Kufa Kuzikana*, ya 2003, ina vijana wawili marafiki wa chanda na pete, mmoja Mkorosho na mwingine Mkanju, na watu wao wanauana. Majina ya makabila hayo ni ya kubuni. Lakini mtu aliyekuwa Trans Nzoia wakati wa mapigano ya miaka ya tisini atayasoma huku moyoni akitaja majina mengine kabisa. Msomaji wa namna hiyo hahitaji kufika mwisho ndipo aseme kitu. Anahitaji kuanza tu.

2. Soma pachache, lakini pasome kweli

Usisome jalada la nyuma. Jalada la nyuma limesomwa na kila mtu aliyewahi kukishika kitabu akakirudisha, na maoni yako yatafanana na ya kila mtu.

Soma sura ya kwanza yote. Kama uko peke yako, isome kwa sauti, maana Kiswahili kizuri husikika kabla hakijaeleweka. Kisha ruka mpaka katikati, utafute mahali penye mazungumzo mengi, usome kurasa tano. Kisha nenda moja kwa moja kwenye sura ya mwisho.

Utaambiwa kwamba kusoma mwisho kabla ya kati ni kukiharibu kitabu. Usibabaike. Kitabu kizuri hakiharibiki kwa kujulikana mwisho wake. Watu wamesikia hadithi ya sungura na fisi tangu utotoni, wanajua nani atashinda, na bado wanavuta kigoda. Ukijua mhusika ataishia wapi, kila neno analosema ukurasa wa tatu linakuwa na uzito. Kazi yote hii ni ya jioni moja, hata kama stima itapotea saa mbili.

Kuna vile vijitabu vyembamba vya wanafunzi, vinavyoorodhesha wahusika, maudhui na mbinu za lugha. Viache. Viliandikwa kwa ajili ya mtihani, na harufu ya mtihani haitoki mdomoni. Ukisema ndani ya matatu kwamba "maudhui ya uongozi mbaya yamejitokeza kwa njia mbalimbali", kila aliyepita kidato cha nne atajua ulikoyatoa, na makanga atakuuliza ulipata alama ngapi.

3. Beba tendo moja

Watu hawakumbuki maudhui. Hukumbuka fulani alifanya nini. Kwa hiyo toka ndani ya kitabu ukiwa umebeba tendo moja, ulishike vizuri, na usiliachilie.

Chukua *Kidagaa Kimemwozea*, ya Walibora pia, ambayo ilikuwa kitabu teule cha mtihani wa KCSE na kwa hiyo vijana wengi wa huku wanaijua. Ndani yake mna mtoto mchanga anayeachwa mlangoni pa Amani, kijana maskini asiye na mke, naye anabaki na mzigo wa kumlea. Mna pia Mwalimu Majisifu, mlevi, anayeuchukua mswada wa Amani na kuuchapisha kwa jina lake mwenyewe.

Kama wewe ni mtu wa familia, beba la mtoto. Waulize wenzako wangefanya nini wakifungua mlango alfajiri wakakuta kichanga sakafuni. Usiseme zaidi. Kila mmoja ana jirani, shangazi au dada aliyewahi kubaki na mtoto asiye wake, na gari zima litakuwa linajadili riwaya bila kujua.

Kama wewe ni mtu wa kupenda sifa, na tumekubaliana kuwa ndivyo ulivyo, beba la Majisifu. Sema hivi: "Majisifu aliiba kitabu kizima. Wengi wetu huiba maoni tu." Utaona watu wanacheka, kisha mmoja mmoja wanatazama chini. Hayo ni maoni ya kihakiki, tena mazito, na yametoka kwenye tendo moja. Kwa nini yana uzito? Kwa sababu umejiweka ndani. Mhakiki anayejiweka nje ya kitabu huwachosha watu hata akiwa amekisoma mara saba.

4. Tanguliza swali

Mtu aliyesoma kitabu akakimaliza hubaki na kiu. Amekaa nacho wiki nzima, mke hataki kusikia, watoto wamekimbilia simu, na kazini wanazungumzia mpira. Wewe ndiwe utakayemwokoa.

Usimwulize "kinahusu nini?" Hilo ni swali la mtu mtupu. Uliza swali la mtu aliyekwisha kuingia ndani, tuseme ndani ya *Kidagaa Kimemwozea*: "Wewe ulimwonaje Imani?" au "Hivi Amani alifanya vizuri kuvumilia kiasi kile?" Kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu, maana majivuno yako yatataka kusema kitu. Yabane. Atakusimulia kati yote uliyoiruka, tena kwa hisia ambazo usingezipata peke yako.

Akimaliza, mwambie: "Hata mimi nilihisi hivyo mwanzoni." Hujasema uongo, mwanzo ndio uliousoma. Atakushika mkono, na akishuka Webuye atawaambia watu kwamba ndani ya gari kulikuwa na mtu anayejua vitabu.

Jambo hili linafanya kazi kwa sababu msomaji wa kwetu ni mpweke. Watu wanasoma, lakini kila mtu anasoma kivyake, na hakuna anayemwuliza. Ukiwa mtu wa kuuliza, utaheshimiwa zaidi ya mtu wa kujibu.

5. Toa kasoro moja

Anayesifu kila kitu hushukiwa. Anayeponda kila kitu huchukiwa. Toa kasoro moja, ndogo, na uitoe katika fani yako mwenyewe.

Kama ni mkulima wa Kiminini, chunguza mvua ya kitabuni. Mhusika akivuna mahindi mwezi Mei katika nchi inayofanana na Trans Nzoia, ambako mbegu huingia ardhini Machi na Aprili na mavuno huja kuanzia Oktoba, hapo una neno. Kama ni fundi cherehani, tazama nguo za wahusika. Kama ni muuguzi, tazama wagonjwa wao wanavyokufa. Waandishi wengi huwaua watu kwa haraka mno. Kama unaendesha bodaboda, pima safari: mtu hawezi kutoka kijijini huku kwetu saa kumi jioni na kufika Nairobi kabla ya chakula cha usiku.

Usidharau kasoro za namna hii. Profesa hawezi kuziona. Mwandishi akizisikia atashtuka, atakushukuru, na atazirekebisha. Elimu uliyo nayo mikononi ni usomaji tosha, na njia hii ya mkato haina hatari yoyote: hakuna wa kukubishia kuhusu kazi unayoifanya kila siku.

6. Kwenye filamu, usione haya

Filamu ni rahisi kuliko kitabu, lakini watu huona haya bure. Wanaficha kwamba walijua filamu za Kichina, za Kihindi na za Kimarekani kupitia sauti ya DJ Afro, katika banda la video lenye mabenchi na vumbi. Usifiche. DJ Afro huisimulia filamu ya kigeni kwa Kiswahili na Sheng, anawapa wahusika mazungumzo mapya, anawatania, anakwambia jambazi yuko nyuma ya mlango. Hiyo ni kazi ya pili juu ya kazi ya kwanza, na wewe umeziona zote mbili kwa bei ya moja. Sema waziwazi: "Ile filamu mimi niliitazama kwa DJ Afro." Nusu ya waliopo watapumua.

Ukitaka kupanda ngazi, chagua filamu ya Kenya. Nakupa mbili.

Ya kwanza ni *Nairobi Half Life*, ya David "Tosh" Gitonga, ya mwaka 2012. Kijana Mwas anauza filamu kijijini, na ili auze anaziigiza mbele ya wateja, mikono na miguu na milio ya bunduki. Kisha anaenda Nairobi akitaka kuwa mwigizaji, na jiji linampokea kwa kumwibia siku hiyo hiyo. Ndiyo filamu ya kwanza ambayo Kenya ilipeleka kuwania Oscar ya lugha za kigeni. Hata ukiishia hapo kwenye wizi, una maoni: kila mtu wa Kitale ana ndugu aliyefika Nairobi akaibiwa steji, na hakuna hata mmoja aliyerudi nyumbani kesho yake. Kwa nini hawarudi? Uliza hivyo, kisha tumia hatua ya nne.

Ya pili ni *Supa Modo*, ya Likarion Wainaina, ya 2018. Msichana mdogo anayeitwa Jo ni mgonjwa wa kufa, na anapenda mashujaa wa filamu wenye nguvu za ajabu. Kijiji kizima kinaamua kumtengenezea filamu ambayo yeye ndiye shujaa. Haifiki saa moja na nusu, kwa hiyo hii usiikate, imalize. Ila itazame nyumbani, mlango umefungwa, kama unajulikana mtaani kuwa mtu mgumu.

Na kuna kauli moja nakukataza: "Kitabu kilikuwa kizuri kuliko filamu." Imesemwa mno. Anayeisema huulizwa mara moja tofauti tatu, na wewe huna hata moja.

7. Hamia kwenye maisha ya kila siku, kwa daraja

Itafika saa ambapo mazungumzo yataenda sura ya tisa na wewe hukufika. Usiruke ghafla kwenye bei ya mahindi, watakuona. Jenga daraja.

Ukiwa njiani, daraja lako ni Webuye. Mji ule zamani uliitwa Broderick Falls, na kiwanda cha Pan African Paper Mills kilianza kutoa karatasi mwaka 1974. Kilifungwa 2009. Wakati mnapita pale, sema: "Huenda kitabu cha kwanza nilichosoma maishani kilianzia hapa." Kisha uliza ni nani ndani ya gari alikuwa na mtu wake kiwandani. Mikono itainuka. Mzee mmoja atakumbuka mshahara, mama mmoja atakumbuka harufu ya hewa, mwingine atasema jinsi nyumba za kupanga zilivyobaki wazi baada ya kufungwa. Hakuna atakayekumbuka sura ya tisa.

Na hapo huibi. Unatoa maoni kuhusu kitabu, ila kuhusu mwili wake. Kitabu ni karatasi kabla hakijawa hadithi. Kiwanda kilipofungwa, mji uliokuwa ukitengeneza karatasi ulianza kuwanunulia watoto wake madaftari yaliyotengenezwa kwingine, na mzazi wa Bungoma anayelalamika kwamba vitabu vimepanda bei anazungumzia fasihi barabara, hata kama hajui. Liseme hilo kwa moyo wote, maana linauma.

Ukiwa Kitale, daraja lako ni jumba la makumbusho. Lilianza kama mkusanyiko wa mtu mmoja, mlowezi Hugh Stoneham, aliyefungua makumbusho yake 1926, na baada ya kifo chake mali hiyo ikaja kwa taifa. Jengo la sasa lilifunguliwa 1974. Ingia asubuhi moja ya Jumamosi. Tazama wadudu waliochomwa pini, tazama nyumba za kiasili za jamii za eneo hili, pita kwenye msitu ulio nyuma. Utatoka na maneno ya kutosha wiki nzima, na mtu akikuuliza kitabu unachosoma, mwambie kwamba wikendi hii ulikuwa unasoma vitu vyenyewe.

8. Jifunze maneno mawili ya kuokoa maisha

Kuna siku swali litakuja moja kwa moja, jicho kwa jicho: "Sasa wewe unasemaje kuhusu pale mwishoni kwa sura ya kumi na mbili?" Wengi hapa huangamia. Wanaanza kubuni. Wanamfufua mhusika aliyekwisha kufa au kumwoza binti kwa mtu ambaye ni kaka yake.

Sema: "Sijafika hapo."

Maneno mawili tu, na tazama yanavyokubeba. Yanasema umeanza. Yanasema unaendelea. Yanasema wewe ni mtu wa polepole, anayetafuna. Na yanamfanya aliyekuuliza aingiwe na huruma, akuombe radhi kwa kukumwagia siri, kisha akusimulie kwa makini zaidi. Sijaona hila iliyo bora kuliko hii, na ubora wake ni kwamba si hila.

Ila ukishaisema kwa mtu huyo, umejifunga. Mkionana tena atakuuliza kama umefika. Kwa hiyo usiku huo soma sura mbili. Ni kodi ndogo.

9. Mahali pa kutojaribu

Nakupenda, ndiyo maana nakuonya. Kuna watu watatu ambao hutawaweza.

Wa kwanza ni mtahiniwa wa kidato cha nne. Msichana wa shule ya bweni aliyekaa na *Bembea ya Maisha* na *Nguu za Jadi* mwaka mzima anakijua kila kitabu kwa ukurasa na mstari. Atakusahihisha kwa adabu zote, "samahani mjomba, aliyesema hayo ni mwingine", na adabu yake ndiyo itakayokumaliza. Mbele ya mtahiniwa, geuka mwanafunzi. Mwombe akusimulie. Atafurahi, na atakuwa anadurusu.

Wa pili ni mzee wa kumuse. Wabukusu wakimzika mzee mwenye hadhi huja omuswala kumuse, msemaji anayesimama mbele ya watu waliotulia, akatembea huku na huku akisimulia chimbuko la koo, safari za mababu, vita, ndoa, na maonyo kwa walio hai. Hana karatasi mkononi. Yote hayo yamo kichwani, na akikosea yupo mzee mwenzake aliyekaa kwenye kiti anayejua kwamba amekosea. Ukiwa pale usijitie kujua historia ya vita vya Chetambe kwa sababu ulisoma aya moja mahali. Kaa, sikiliza, na ukirudi nyumbani andika uliyoyasikia. Siku moja kuna mjukuu atakayetaka kuyasoma na hatayapata popote.

Wa tatu ni mtoto wa miaka mitano anayesomewa hadithi kabla ya kulala. Umechoka, unataka kuruka kurasa mbili ili umalize upesi. Usithubutu. Anaijua hadithi ile neno kwa neno ingawa hajui kusoma. Atakurudisha ulipoanzia kuruka, na kesho atamwambia nyanya yake.

Unaona watatu hawa wanafanana katika nini? Wote wamekaa na hadithi mpaka imekuwa yao. Njia ya mkato haimpiti mtu aliyekaa.

10. Jiandae kwa sifa

Ukifuata hatua hizi kwa miezi michache, jina litaenea. Huyu anasoma. Kisha mambo yataanza kukujia.

Utafanywa katibu wa chama. Utaombwa uandike wasifu wa marehemu usiku wa kuamkia mazishi, kwa kuwa "wewe ndiwe mtu wa maneno". Watu watakuletea vitabu: mwingine *Utengano* uliokatika jalada, mwingine kitabu cha dini, mwingine mashairi aliyoyaandika mwenyewe kwenye daftari la kurasa 96 na anataka maoni yako ifikapo Jumapili. Mwalimu aliyestaafu atapata namba yako ya simu.

Hapo majivuno yako, niliyoyakubali tangu mwanzo bila kukulaumu, yanaanza kukufanyia kazi. Hutaki kuaibika. Kwa hiyo unasoma lile daftari la mashairi, na katikati unakutana na beti nne nzuri kweli, za mtu unayemwona kila siku akiuza sukuma wiki. Unamwambia. Anasimama wima kwa namna ambayo hujawahi kumwona. Na wewe unagundua kwamba maoni yako, uliyoyaona kuwa pambo la safarini, yamempa mtu nguvu ya kuandika daftari la pili.

Sasa naweza kukwambia wazi nilichokuwa nikikufanyia. Hesabu mwenyewe: sura ya kwanza kwa sauti, kurasa tano za kati, sura ya mwisho, tendo moja la kubeba, swali moja kwa aliyemaliza, kasoro moja kutoka kazini kwako, sura mbili za usiku kwa sababu ulisema hujafika hapo. Ukivijumlisha, kitabu kimebaki na nini ambacho hujakisoma? Wasomaji wakubwa hawana siri nyingine zaidi ya hiyo. Nao walianza kwa kutaka kuonekana, wakajikuta ndani.

Sioni aibu kukuvuta kwa majivuno. Bungoma na Trans Nzoia zimetoa mwandishi aliyesomwa nchi nzima, wazee wanaobeba vitabu vizima kichwani, na mji uliotengeneza karatasi. Tunachokosa ni watu wa kukaa na kuulizana "wewe ulimwonaje?" Anayeuliza swali hilo kwa sababu ya kujionyesha bado ameliuliza, na jirani yake bado amejibu.

Kwa hiyo usingoje likizo. Jumamosi hii pita kwa yule anayetandaza vitabu vikuukuu kando ya barabara, mwulize bei, vutana naye kidogo maana hata yeye anatarajia hivyo, na usiondoke mikono mitupu. Andika jina lako ndani ya jalada ili wakiazima warudishe. Kisha soma sura ya kwanza kabla ya chakula cha jioni, na mtu wa kwanza kuketi mezani umwambie unachofikiri.